Kengele ya Ntavuga

Heru Juu, Kasulu
Jumapili, jioni

Mwanangu Jenerosa,

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba barua huanza kwa salamu na kujuliana hali. Leo kanuni hiyo nitaivunja. Salamu nimekupa mezani, na hali yako naisikia kupitia ukutani: uko chumba cha pili na mama yako, mnalifunga sanduku kwa kamba. Umelifunga, ukalifungua, ukalifunga tena, ukalifungua tena. Nimemsikia mama yako akisema, "Acha sasa, sanduku si mwizi, halitakimbia." Umecheka. Kisha nikasikia kamba inavutwa upya.

Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Kesho unapanda basi kwenda Morogoro kusomea tiba ya mifugo. Mambo ya nauli, vyeti, chakula na namna ya kukaa na watu mama yako amekwisha kuyasema, na ameyasema vizuri kuliko ninavyoweza. Mimi nina jambo moja, nalo halihusu huko uendako. Linamhusu mbwa wetu Ntavuga, ambaye sasa hivi amelala juu ya miguu yangu chini ya meza, naye ni mzee kama mimi. Nataka kukueleza jinsi nilivyompenda, kwa sababu kosa langu lilianzia humo humo katika kupenda.

Hukunijua nilipokuwa nawachukia mbwa. Nilipofundisha Busunzu, kule Kibondo, nilikuwa nikiwafuata watoto watoro majumbani kwa miguu, na kila ua ulinipokea kwa kelele. Mbwa alitangulia, na nyuma yake mwenye nyumba akija taratibu akisema, "Usiogope Mwalimu, huyu haumi," wakati suruali yangu imekwisha kuchanika.

Siku moja nikaenda kwa Mzee Bukuru, aliyekuwa mwindaji enzi za ujana wake. Mjukuu wake wa kike alikuwa hajaonekana darasani wiki nzima. Niliingia uani nimeshika fimbo, nikangoja kubwekewa, nisisikie kitu. Nikadhani pale hapana mbwa. Kisha nikamwona amekaa chini ya upenu, umbali wa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Alikuwa mdogo, rangi ya udongo wetu mwekundu, miguu myeupe kama aliyevaa soksi, masikio wima, mkia umejiviringa juu ya kiuno. Alikuwa ameweka mguu mmoja wa mbele juu ya mwenzake, na kwenye paji la uso alikuwa na mikunjo kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alinitazama kama mkaguzi anavyomtazama mwalimu mgeni.

"Huyu ni bubu?" nikauliza.

"Oya, hapana, Mwalimu," akajibu Mzee Bukuru. "Bubu ni yule anayetaka kusema akashindwa. Huyu hataki."

"Habweki kabisa?"

"Akifurahi huimba, utadhani jogoo mchanga anajifunza kuwika. Akiumia hutamsikia. Ndiyo maana tunamvisha hii."

Akanionyesha kengele ya chuma shingoni mwa mbwa, kubwa kiasi cha ndimu, iliyofuliwa na wahunzi wa zamani. Wazee waliiita inzogera. Akanieleza kwamba walipokuwa wakienda porini waliijaza nyasi ili wanyama wasiisikie. Wakishamwachia mbwa, nyasi zilitolewa, na wawindaji wakaifuata kengele, kwa kuwa mbwa mwenyewe hatoi sauti. "Unaweza kuilaza kwa nyasi, Mwalimu," alisema, "lakini shingoni haitoki. Ukiitoa, umempoteza."

Nilisahau kuuliza habari za mtoto. Nilikaa pale hadi jua likaenda upande wa pili, na wiki iliyofuata nikarudi, na nyingine pia. Yule binti alikuwa amekwisha kurejea shuleni, naye kila aliponiona natokea alimwita babu yake: "Babu, mtoro wako kaja!"

Nimewaza sana jinsi mtu anavyoipenda aina moja ya mbwa akaziacha nyingine. Kulikuwa na afisa mmoja Kibondo mjini aliyefuga mbwa wa Kijerumani, wale wakubwa wanaotumiwa na polisi. Alimpenda mbwa wake kwa sababu watu walibadilisha njia walipomwona naye. Mimi nilikuwa natoka darasani penye watoto tisini, masikio yanavuma, koo limekauka, halafu nakuta kiumbe kimekaa mbele yangu, kinanisikiliza, hakinijibu. Nilimpenda kwa sababu alinyamaza. Nadhani wengi wetu hatuanzi na mbwa. Tunaanza na kitu tunachokikosa, kisha siku moja tunakikuta uani kwa mtu, kina mkia.

Nilipohamishiwa huku Heru Juu, Mzee Bukuru alinipa mtoto wa yule mbwa ndani ya kikapu, pamoja na kengele ileile, na jina: Ntavuga, yaani hasemi. Tulipofika Kasulu mjini niliingia kununua daftari, na mwenye duka akachungulia kikapuni. "Mwalimu, sogeza kikapu, nina udhu," akasema. Kisha akatazama tena. "Lakini mbona anajilamba kama paka? Huyu msafi kuliko nusu ya wateja wangu."

Ulikuwa na miaka minane. Nilipofika nyumbani ulimtoa kikapuni kabla sijakuruhusu, naye akakuimbia, mara ya kwanza tukaisikia sauti ile ya jogoo mchanga. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nikakufundisha fundo la kufungia kamba ya kengele, nikakwambia, kwa sauti yangu ile unayoijua, "Kengele ni kazi yako." Nawe uliifanya. Kila alipokua ulifungua na kupima upya kwa vidole viwili, usimbane, usimlegezee.

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikifika na kurudi nyuma.

Unakumbuka siku jumuiya iliposali hapa kwetu. Asubuhi ile ulikuwa umetupa kamba kuukuu ya kengele ukaweka mpya ya katani, ukaja kunionyesha. Jioni watu wakajaa sebuleni, na katikati ya rozari Ntavuga akaanza kujikuna. Kengele ikalia. Akajikuna tena, ikalia tena. Zebedayo, jirani yetu, akafungua jicho moja akasema, "Mwalimu, kipindi kimekwisha? Tutoke nje?" Watu wakaangua kicheko, hata katekista, hata mama yako. Na wewe ulicheka.

Mimi sikucheka. Darasani hakuna aliyekuwa akinicheka, na nyumbani kwangu nilikuwa nimechekwa na mtaa mzima, tena mbele ya msalaba. Watu walipoondoka na wewe ukaenda kulala, nilimwita Ntavuga nikaifungua kengele, nikaiweka ndani ya saraka ya meza hii ninayoandikia, chini ya madaftari ya mahudhurio. Ningeweza kuijaza nyasi. Konzi moja ya nyasi ilitosha, na nyasi zilikuwa mlangoni. Lakini mtu aliyeaibishwa hatafuti nyasi. Nilipanga kukwambia asubuhi kwamba kengele inaharibu sala.

Asubuhi Ntavuga hakuwapo.

Uliita mpaka ukakauka sauti. Zebedayo alikuja, na wengine wakaja, maana mbwa yule alikuwa amependwa na mtaa wote. Zebedayo ndiye aliyetoa mpango: "Tusitawanyike ovyo. Tusimame, tunyamaze, tusikilize. Ana kengele. Akijitikisa tu, tumempata." Ulikuwa mpango wa busara. Tukasimama nyuma ya nyumba, watu kumi na zaidi, kimya. Hatukusikia kitu. "Basi hayuko karibu," akasema Zebedayo, "twende mbele." Tukaenda kilima kinachofuata, tukasimama, tukasikiliza. Siku ya pili vijana wa bodaboda wakatuchukua hadi vijiji vya mbali, kila mahali tunazima pikipiki na kutega masikio.

Nami nilikuwa miongoni mwao, Jenerosa. Nilisimama nimeinamisha kichwa kama wenzangu, nikisikiliza kengele iliyokuwa ndani ya saraka yangu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Asubuhi ya kwanza nilidhani atarudi mwenyewe. Mchana nilidhani nimechelewa kidogo tu. Jioni watu walikuwa wamechoka kwa ajili yangu, na kusema kungekuwa kuwaambia kwamba nimewazungusha siku nzima. Siku ya pili kulikuwa kugumu mara mbili zaidi. Neno lilelile moja, "Niliitoa," ambalo asubuhi lilikuwa jepesi, kufikia jioni sikuweza tena kulinyanyua.

Siku ya tatu ulitoka peke yako. Wewe hukusikiliza, ulikuwa umechoka kusikiliza. Ulitazama. Ulipita mihogo yetu safu kwa safu, na mwisho wa shamba, mahali ambapo jiwe lingefika tukilitupa kutoka pale tuliposimama siku ya kwanza, ulimkuta amekaa. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umenaswa na tanzi la waya wa breki ya baiskeli, mtego wa ndezi wa msimu uliopita, ambao aliyeutega alikwisha kuusahau. Alikuwa hai. Ulisema alikutazama tu na ile mikunjo yake ya usoni. Siku ile ya kwanza alitusikia sote tukimwita, akatuona pengine, na sisi tukaondoka.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka mjini. Ulimshika Ntavuga kichwa wakati anakatwa mguu, hukugeuza uso. Yule bwana akakwambia, "Una mikono iliyotulia, binti. Njoo tufanye kazi hii." Kesho unakwenda kwa sababu ya maneno yale, najua. Akatueleza pia kwamba tanzi la waya halikazwi na aliyelitega, hukazwa na anayevuta, na kwamba mbwa huyu amepona kwa kuwa aligundua hilo mapema, akaacha kuvuta, akakaa kungoja watu.

Ni baada ya bwana mifugo kuondoka ndipo uliponiuliza, "Baba, kengele iko wapi?" Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Lakini wewe ulijijibu kabla yangu: "Ni mimi. Kamba ilikuwa mpya, fundo langu likaachia."

Na mimi, mwalimu wako na baba yako, nikakwambia, "Siku nyingine funga vizuri."

Nimeyaandika maneno hayo hapa kama yalivyokuwa, bila kuyasahihisha.

Tangu siku ile hujafunga kitu mara moja. Kuni, mbuzi, kamba za viatu, mfuko wa mahindi. Unafunga, unavuta, unafungua, unarudia. Ulipokuwa darasa la saba ulichelewa mtihani wa majaribio kwa sababu ulirudi njiani kutazama kama umelifunga lango, na nikakuadhibu kwa kuchelewa. Watu husema, "Binti wa Mwalimu ni makini." Nimesifiwa kwa ajili yako mbele ya wazazi wengine, nikaitikia kwa kichwa, na kila sifa ilikuwa kama waya unaovutwa kidogo.

Nilijaribu kujinasua. Siku ya kipaimara chako nilikuita nje, tukatembea mpaka kwenye mihogo, kisha nikakuuliza habari za hesabu. Mwaka mwingine niliamua kuitupa kengele chooni ili jambo liishe. Nilipoinyanyua juu ya shimo ikalia mkononi mwangu, na Ntavuga, aliyekuwa amelala uani, akaja mbio kwa miguu yake mitatu, akasimama mlangoni mwa choo akinitazama. Niliirudisha kwenye saraka, nikafunga kwa ufunguo. Mama yako aliwahi kuiona alipotafuta kalamu. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Baba Jenerosa, chuma hiki si changu kukisema. Lakini usikizeeshe humo." Hakurudia tena, nami nimekizeesha.

Halafu ukanunua simu. Siku moja ulikuja mbio: "Baba, ona! Ndugu zake Ntavuga wako Ulaya, na huyu amevaa sweta!" Ukanisomea kwamba huko wanawaita basenji, kwamba asili yao ni Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, na kwamba watu hupenda kuwafuga ndani kwa sababu ni wasafi na hawapigi kelele. Ulicheka kwa picha ya sweta. Mimi nilitoka nje kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Niliwaona wale watu wa mbali, kila mmoja na mbwa wake wa kimya mapajani, nikajiuliza kama kuna aliyewaambia habari ya kengele.

Kuna jambo ninaloogopa kuliko yote niliyoandika. Nilimpenda mbwa kwa ukimya wake, kisha nikapenda nyumba yangu nayo iwe hivyo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaimba ukiosha vyombo, ukiniuliza maswali mpaka naweka mkono sikioni. Sijui ni mwaka gani uliacha. Nilidhani umekomaa. Ulipougua malaria ukiwa bwenini hukutuambia mpaka ulipopona, na nilipokuuliza ulisema, "Sikutaka kuwasumbua, Baba." Nilijivunia jibu hilo. Jioni hii nalisoma vingine. Nimemlea mtoto ambaye akinaswa atakaa kimya akingoja nimwone, na baba yake amekuwa akitafuta kwa masikio.

Huko uendako watakuwapo watakaokupenda kwa sababu hulalamiki. Wataiita tabia njema. Sitakwambia uwakatae, maana mimi ni mmoja wao, na upendo wangu haukuwa wa uongo. Nakwambia tu kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kukupenda sana na bado akapita karibu yako asikuone. Ukiumia, sumbua watu. Nisumbue mimi. Na usipopiga simu, sitakaa nikasema, "Kimya, basi yu mzima." Nitakuja kukutazama kwa macho yangu, hata ukionea haya viatu vyangu mbele ya wenzako.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, uikute Morogoro. Kisha nikaona huo nao ni ujanja: ungeisoma mbali, nami ningebaki huku nikiwa nimesema bila kuonekana. Kwa hiyo nitaiweka mezani, chini ya kikombe chako cha chai, pamoja na kengele. Utaisoma kabla basi halijaja, mimi nikiwa uani, kwenye kiti changu. Unaweza kutoka ukanisema. Unaweza kutoka usiniseme, na hiyo pia ni haki yako. Sikuombi uamue leo.

Ila jambo moja lazima ulijue kwa hakika, kwa sababu ni wewe uliyebebeshwa. Kamba ile ya katani bado imo kwenye kengele. Itazame mikunjo yake. Usiku ule nilijaribu fundo lako kwa vidole, likakataa. Nikajaribu kwa ncha ya kalamu, likakataa. Nilipiga magoti kwenye sakafu, mtu mzima, mwalimu mkuu msaidizi, nikamkumbatia mbwa shingoni nikalifungua kwa meno, na lilinichukua muda mrefu. Sijapata kuona fundo lililofungwa vizuri namna ile, na mtoto aliyelifunga alikuwa na miaka tisa.

Mfungie Ntavuga kengele yake kabla hujatoka. Ifunge mara moja, usiivute, usirudie. Mimi nitakuwa nje nasikiliza. Nikiisikia, nitashukuru. Nisipoisikia, nitainuka vilevile, nilibebe sanduku lako mpaka barabarani.

Baba yako.